Sura ya Mwisho ya Wifi Yangu

Siku Profesa alipofika nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, alimkuta wifi yangu barazani anakata kucha za miguu. Mkoba ulimponyoka. Kwa mujibu wa kitabu alichoandika Profesa mwenyewe, kile kinene kinachosomwa vyuoni, wifi alikuwa amekwisha kufa. Alimwandika "marehemu", tena kwa maneno mazuri ya kumlilia, na katika toleo la pili maneno yale aliyaongeza.

"Shikamoo, mama," akasema alipopata sauti. "Unisamehe. Nilidhani umeshatangulia."

"Marahaba. Bado nipo nipo," wifi akajibu bila kuinua uso. "Kama una haraka na kifo changu, ningoje nimalize mguu huu."

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Sikuwa nampenda sana wifi, nisidanganye. Kaka yake alinioa, akafa, akatuachia nyumba moja sisi wawili, na kila mmoja na ulimi wake. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ng'ombe wazee wawili hukaa, maana hawana pa kwenda. Mimi nimestaafu upokeaji simu hospitalini, kazi ya kuunganisha watu na kuwakata. Yeye aliandika riwaya moja alipokuwa msichana, hakuandika nyingine, na hiyo moja ikamfanya mtu. Sikuwahi kuimaliza. Akiniudhi nilimwambia, "Hata wewe hukuimaliza," na siku hiyo hakunisemesha tena.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake. Riwaya inamhusu mke wa fundi saa. Mumewe hataki aseme mbele ya watu. Wageni wakija, anapelekwa chumba cha nyuma. Ukurasa wa mwisho mume anarudi, anakuta mlango umefungwa kwa ndani, anagonga, anauliza, "Nani humo?" Mke hajibu. Basi, kitabu kimekwisha. Wasomi wameuandika mlango huo mpaka ungedhani ni wa mbinguni.

Kumbe uliofunga mlango ule ni uhaba wa karatasi. Vitabu, wifi alinieleza hadi nikachoka, havichapwi ukurasa mmoja mmoja. Huchapwa kurasa kumi na sita kwenye karatasi moja kubwa, kisha ikakunjwa na kukatwa. Mwaka ule karatasi zilikuwa adimu. Meneja wa kiwanda cha chapa akaona ile kubwa ya mwisho hana, akaipitia hadithi haraka haraka, akasema, hapa patatosha. Hakumwuliza mtu, na mswada ukatupwa. Wifi aligundua siku ya uzinduzi, yuko jukwaani, kitabu kimo mkononi. Kabla hajafungua kinywa, mgeni rasmi akasema hajawahi kusoma mwisho wenye ujasiri kama ule. Ukumbi ukapiga makofi. Wifi akainamisha kichwa, akapokea maua.

"Sifa ni tamu," alinieleza. "Nikasema nitawaambia kesho. Kesho yake magazeti yakasifu tena. Ukichelewa siku moja kusema ukweli, wifi, siku ya pili unaonekana mwongo."

Katika sura ile iliyoachwa, mke anafungua mlango. Anamkalisha mumewe kitini, anamwambia, "Ingia. Leo utasikiliza wewe." Halafu anasema yeye, sura nzima, na mwanamume hapati hata pa kutia kikohozi.

"Nilimpa mdomo," wifi alikuwa akisema, na hapo sauti yake ilikuwa ikipasuka. "Nilimpa mdomo! Na miaka yote hii wanamsifu kwa ububu."

Aliyemleta Profesa kwetu ni binti yangu. Alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari chini yake, ya kulinganisha waandishi wanawake wa tamaduni tofauti kwa nadharia ya ufeministi. Maneno hayo nimeyatamka sokoni mara nyingi, tena kwa sauti, hasa mbele ya jirani ambaye wa kwake alifeli. Upande mmoja wa tasnifu alikuwa shangazi yake. Upande wa pili alikuwa mwandishi wa ng'ambo, nchi ya baridi, ambaye yeye alikufa kweli. Huyo wa ng'ambo aliandika juu ya mke wa mwanasheria anayekaa dirishani na kukataa kusema na mumewe mpaka kitabu kinafungwa. Profesa alijipatia jina kwa kuwaweka pamoja hao wawili, mwanamke wa dirishani na mwanamke wa mlangoni. Bahari iko katikati yao, alisema, lakini ukimya ni mmoja, na ukimya huo ni silaha ya mwanamke popote alipo duniani.

Binti yangu alilelewa na hadithi ya karatasi kubwa kama wengine wanavyolelewa na hadithi za sungura. Akaandika sura ya nne kumpinga.

"Wa dirishani alichagua kunyamaza," alitueleza mezani, mikono hewani, kijiko bado kimo kinywani. "Wa mlangoni alikatwa. Huwezi kuwalinganisha wanawake wawili hujauliza kwanza kama wote wawili waliachwa wamalize."

"Toa kijiko," nikamwambia. Lakini nilijivuna.

Wifi aliacha kula. Alimtazama mtoto yule kama mtu anayemwona daktari amefika na dawa mkononi.

Dawa ilikuwa inahitajika kweli. Mwaka huo wifi alipata kiharusi kidogo. Mkono ulirudi, macho yakarudi nusu, na daktari akatuambia kumbukumbu zitaanza kuondoka, tena bila mpangilio: leo jina la mtaa, kesho sura ya mama yake. Wifi aliposikia hivyo hakulia. Aliivuta taipureta yake kutoka chini ya kitanda, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, akaanza kuiandika upya sura iliyopotea, yote kutoka kichwani, kabla kichwa hakijaimwaga.

Alipiga kwa vidole viwili. Kwa kuwa karatasi hakuiona vizuri, kila sentensi aliisema kwanza kwa sauti, akairudia, ndipo akaipiga. Kutwa nzima. Mke wa fundi saa alisema na mumewe ndani ya nyumba yangu kuanzia chai hadi taa zinawashwa. Nikawa nawasha redio.

"Punguza hilo dude!" alikuwa akipiga kelele.

"Ongeza wewe sauti!"

Alipomaliza, mimi katika sura nzima nilikuwa najua sentensi ya kwanza na habari za dunia yote.

Zikapatikana kurasa zake, nakala moja, zimefutwafutwa na zina matone ya chai. Wakati huo huo shirika la uchapishaji lilikuwa linaandaa kuzitoa riwaya zote mbili, ya dirishani na ya mlangoni, katika juzuu moja, na utangulizi wa Profesa. Wifi akamwomba mhariri airudishe sura yake mahali pake. Mhariri alikuwa kijana mpole, wa wale wanaokukataza kitu huku wanakushika mkono.

"Sisi ni wachapaji tu, bibi," akamwambia. "Siku binti anapotetea tasnifu, wasomi wakikubali kwamba hii ni sehemu ya riwaya, tunaichapa. Wakikataa, siwezi kubishana na chuo."

Basi kila kitu kikawekwa kwenye siku hiyo moja. Wifi akamkabidhi binti yangu kurasa zile, naye akazipokea kwa mikono miwili, akiwa amepiga goti.

"Nitaziingiza, shangazi. Hata wakininyima shahada."

"Usiape, mwanangu."

"Naapa."

Ndiyo sababu Profesa alikuja. Alidhani kurasa hizo zimeachwa na marehemu, akataka kuziona kabla jopo halijaziona. Alikaa sebuleni kwetu, akavaa miwani, akasoma kwa makini bila kugusa chai. Ni mwanamke nadhifu, sauti laini, hajui kupaza. Kule hospitalini nilijifunza kuogopa watu wa namna hiyo: mwenye kufoka humaliza, mwenye sauti laini hana mwisho. Alipofika ukurasa wa mwisho alizipanga kurasa vizuri, akaziweka mapajani.

"Ni nzuri sana, mama," akasema. "Inagusa. Lakini si yake."

"Si ya nani?" wifi akauliza.

"Si ya yule aliyeandika riwaya."

"Niliyeandika riwaya ni mimi."

"Wewe ni mwanamke aliyewahi kuwa yeye." Alisema hivyo huku anatabasamu, kama anayemfunga mtoto kamba za viatu. "Yule msichana alikuwa na ujasiri wa kuacha mlango umefungwa. Wewe sasa umezeeka, umeumwa, unataka kufarijiwa. Ni haki yako. Ila usimharibie mwenzako kazi."

Wifi alinigeukia. Maisha yetu yote pamoja hakuwahi kunigeukia kutaka msaada, na siku hiyo aligeuka. Mimi nikasema, "Chai inapoa, Profesa." Ndicho kilichonijia.

"Lakini karatasi ziliisha," wifi akasema. "Waliikata. Meneja mwenyewe alikiri mbele yangu."

"Na wewe ukanyamaza," Profesa akamjibu polepole. "Miaka mingapi, mama? Ulipewa maua ukanyamaza. Uliitwa vyuoni ukanyamaza. Mimi siandiki juu ya karatasi. Naandika juu ya ulichofanya."

Lilikuwa neno la kweli, na aliligeuza likawa kisu. Wifi akatazama mikono yake. Profesa akanywa chai yote, akaisifu.

Nilimsindikiza hadi ngazini pamoja na binti yangu, nikajifanya naokota majani.

"Mwanangu," Profesa akamwambia, "nimekutafutia nafasi ya kufundisha kule kule ng'ambo, kwenye chuo cha yule wa dirishani. Wanataka mtaalamu wa ukimya. Wewe unataka kuwapelekea mtaalamu wa karatasi?"

"Profesa, shangazi yangu yu hai. Ameniambia kwa kinywa chake."

"Ndiyo taabu yake. Wa dirishani hatusumbui." Akamgusa shavu. "Sikukatazi. Mimi sijawahi kumkataza mwanamke kusema. Weka sura yako ya nne, wakuulize, ujibu utakavyo."

Siku ya utetezi ilikuwa katika ukumbi mdogo wa idara, mazulia yametanuka kwa unyevu, chupa za maji zimepangwa mezani, na mashine ya kurusha picha ukutani inakoroma kama mgonjwa. Jopo lilikuwa la wanawake watupu, na jambo hilo lilitangazwa kwa fahari. Wifi alikalishwa mstari wa mbele, akabandikwa utepe kifuani ulioandikwa "Mgeni wa Heshima". Alikuwa amevaa nguo yake ya uzinduzi, ile ile ya ujanani, niliyoitanua kiunoni kwa mkono wangu. Nilikaa pembeni yake. Mhariri alikuwa nyuma yetu. Palikuwa na mpiga picha.

Mwenyekiti wa jopo akasoma kanuni: msimamizi wa tasnifu hasemi, wasikilizaji hawasemi, mtahiniwa anasema anapoulizwa. Profesa, kama msimamizi, akakunja mikono, akanyamaza kwa adabu. Hakuhitaji kusema. Mtahini wa nje alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyemwita "mama" alipoingia.

Binti yangu alianza vizuri. Akamweka mwanamke wa dirishani, akamweka wa mlangoni, akaonyesha nani alikuwa na meza ya kuandikia na nani aliandikia jikoni, nani alichapiwa kila alichoandika na nani alichapiwa karatasi zilipofikia. Wifi aliinama mbele kumsikiliza, midomo yake inacheza bila sauti. Halafu mtahini wa nje akafungua mahali palipokuwa na alama.

"Mtahiniwa. Sura hii uliyoiambatisha. Ni sehemu ya matini ya riwaya au siyo? Nataka ndiyo au hapana."

"Naomba nieleze kwanza mazingira ya uchapaji..."

"Ndiyo au hapana."

"Mwandishi mwenyewe anathibitisha..."

"Mwandishi mwenyewe ni shangazi yako." Mtahini akavua miwani. "Unaishi naye. Amekuambia mkiwa mnakula. Nisaidie, huo tuuite utafiti au mazungumzo ya jikoni?"

Ukumbi ulicheka. Wanawake wasomi, walioandika jiko ni kiini cha elimu ya mwanamke, walicheka jiko letu. Binti yangu alibadilika rangi. Alimtazama Profesa, na Profesa alikuwa akimtazama kwa upendo mtupu. Kisha akanitazama mimi.

Nilimwambia kwa macho: sema wanachotaka, ushuke na cheti. Nimemsomesha mtoto yule kwa kukalia kiti cha simu mpaka kiuno kikakataa. Baba yake hayupo. Wanirudishe leo pale pale, macho yangu yatasema vile vile.

"Hapana," akasema. "Si sehemu ya matini."

Wifi akashtuka kidogo, kama aliyechomwa sindano.

"Vizuri," mtahini akasema. Nikadhani wamemaliza. Mtu mwenye huruma angeishia hapo. "Sasa ni nini?"

"Ni... kumbukumbu ya familia."

"Ina thamani ya kifasihi?"

Mashine ikakoroma.

"Mtahiniwa, tunakungoja. Umeisoma kama mhakiki. Ina thamani ya kifasihi?"

"Thamani yake ni ya kihisia," akasema, na macho yake yalikuwa kwenye chupa ya maji. "Ni ya mgonjwa anayejifariji. Kifasihi inadhoofisha mwisho wa riwaya."

Maneno hayo ya kujifariji hayakuwa yake, nilijua yalikotoka: kinywani mwa Profesa. Mtahini akaandika, akafunga jalada. Wakatutoa nje kidogo, wakaturudisha, wakatangaza amefaulu kwa masharti: afute sura ya nne na kiambatisho chake. Mhariri, nyuma yangu, akavuta pumzi ya mtu aliyepunguziwa kazi. Mimi nilipiga kigelegele. Mbona nisipige?

Ndipo mwenyekiti, kwa ukarimu, akasema kabla hatujaenda kula, Mgeni wa Heshima apewe nafasi ya neno moja.

Wifi alisimama. Nilimshika kiwiko. Alimtazama binti yangu kwa muda, na binti yangu akawa anakusanya karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kukusanywa. Wifi hakuwa anatafuta maneno. Namjua, maneno hayamshindi. Alikuwa anameza uchungu ili sauti isitoke na machozi. Alihitaji dakika moja tu.

Profesa hakumpa. Alisimama, mkono kifuani, akasema kwa ile sauti yake laini, "Ndugu zangu, mnaona? Ameulizwa, amekataa kusema. Amejibu swali letu lote." Na akaanza kupiga makofi.

Wakasimama wote. Ukumbi mdogo, dari fupi, makofi yalikuwa mazito. Wanawake wengine walikuwa wanalia. Na wifi alikuwa anasema. Mimi nilikuwa namshika kiwiko, niliona midomo, niliona mishipa ya shingo imesimama. "Sijamaliza," alikuwa akisema. "Sikilizeni, sijamaliza." Kadiri alivyofungua kinywa ndivyo walivyozidi kupiga, kwa kuwa ametetemeka, kwa kuwa amezidiwa na hisia. Mpiga picha akapiga picha yake hapo hapo. Mwenyekiti akamshukuru, akamkalisha, akasema chakula kiko tayari.

Wakati wa chakula Profesa alimwendea binti yangu, akamwomba zile kurasa za taipu, zile halisi, ili zitunzwe. Binti akamtolea bahashani. Wifi aliona. Hakusema kitu, na safari hii hakuna aliyempigia makofi.

Nyumbani alijifungia chumbani. Binti yangu alisimama nje ya mlango, joho la kukodi liko begani.

"Shangazi. Shangazi, nifungulie nikueleze."

Kimya.

"Nitairudisha baadaye. Nikishapata kazi nitaandika makala, nitaeleza yote. Shangazi, uko humo?"

Alilia pale mpaka kichwa kikamuuma. Halafu akajipangusa, akaja jikoni, akakaa, na nikamwona anatazama ukutani kwa jicho lile la kusomea. "Mama," akasema, "umeona? Mlango, nagonga, nauliza, hajibu. Ni kama riwaya yenyewe." Akaitafuta kalamu mkobani. Nilitaka kumzaba kibao, nikamtilia chai. Mwezi haukuisha akaondoka kwenda ng'ambo, na kule sasa anafundisha ukimya. Tukizungumza kwa simu, ananisifia theluji.

Wifi alirudi kusema baada ya siku chache, mambo ya chumvi na maji tu. Kumbukumbu zake zilianza kutoka kama daktari alivyosema. Liliondoka jina la meneja, ikaondoka rangi ya maua, ikaondoka siku ya mazishi ya kaka yake, tukazika upya. Siku moja aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni adui yako, akacheka, akanikumbuka. Nikaona hatari. Nikavaa viatu, nikaenda chuoni kwa Profesa kuomba zile kurasa.

Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chenye mto.

"Mama, zile sasa ni mali ya utafiti," akasema. "Usihofu, hazitapotea. Nitazichapa."

"Kwenye riwaya?"

"Kwenye kitabu changu kijacho, mwishoni, na uchambuzi. Jinsi jamii inavyomlazimisha mwandishi mwanamke, akizeeka, aombe radhi kwa ukimya wake. Yeye atakuwa mfano wangu mkuu." Akanishika mkono. "Ila kazi hizi huchukua miaka. Na ningependelea kisitoke yeye akiwa angali hai. Ni kwa heshima yake."

Nilizoea kumkata mtu kwenye simu kwa kidole kimoja. Pale sikuwa na cha kubonyeza. Niliondoka bila kuaga, na hilo nalo nadhani ameliandika.

Juzuu ililetwa asubuhi moja, nakala ya zawadi, jalada linang'aa. Juu yake kuna picha mbili. Moja ni mwanamke wa ng'ambo amekaa, midomo imefungwa. Nyingine ni wifi yangu siku ile, nguo ya uzinduzi, kinywa wazi, shingo imekaza. Chini yake wameandika: "Ukimya Mmoja".

Wifi alikishika kitabu, akakipapasa mgongo, akakinusa. Macho hayakuwa yanasoma tena.

"Nisomee mwisho," akasema.

"Mwisho wa nini?"

"Usijifanye mjinga, wifi, umeshakuwa mmoja. Mwisho wangu."

Nikafungua nusu ya kwanza ya kitabu, nikautafuta ukurasa. Nikasoma fundi saa anapanda ngazi. Nikasoma kitasa hakizunguki. Nikasoma anagonga, anauliza, "Nani humo?" Chini ya hapo palikuwa peupe, na upande wa pili lilianza dirisha la mwenzake.

Wifi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anangoja.

"Endelea."

Basi nikaendelea, nikiutazama weupe ule ule. "Ingia," nikasoma. "Leo utasikiliza wewe."

Uso wake ukafunguka. Sijawahi kumwona mtu anafurahi vile, na nilikuwa mimi niliyemfurahisha, mimi wa redio. "Wameiweka," akasema. "Mtoto amewaambia, wameiweka. Endelea, wifi. Anamwambia nini?"

Nilitafuta kichwani. Kutwa kucha, siku zile zote, sura nzima ilisemwa kwa sauti mezani kwangu, mara mbili mbili kila sentensi. Nilipata bei ya mafuta. Nilipata mafuriko ya mbali, uchaguzi wa nchi za watu, tangazo la sabuni.

"Mbona umenyamaza? Soma."

"Herufi ndogo, wifi. Nisaidie wewe, anamwambia nini? Wewe ndiye uliyeiandika."

Akafumba macho. Midomo yake ikacheza kidogo, kama siku ile ukumbini. Nikasogeza kiti karibu, karibu kabisa, sikio langu likawa mbele ya kinywa chake. Redio ilikuwa inaongea jikoni. Nikanyanyuka nikaizima, nikarudi nikakaa pale pale.

"Haya. Nakusikiliza."

Alipofumbua macho alinitazama kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuuliza kilipo choo.

"Nimesahau," akasema.